Tuliotembea kwa Miguu na Kaske Kichwani

Shida yangu ilianza mwaka 1998, nikiwa na miaka thelathini na moja. Kabla ya hapo nilikuwa maskini, lakini umaskini si shida. Maskini mwenye mikono anajua kesho ataamkia kazi gani. Mwaka ule vita ilirudi Kisangani, mto ukafungwa, boti za Kinshasa zikaacha kupanda, na mimi sikujua tena kesho naamkia nini.

Naandika haya kwa sababu juzi vijana wa klabu moja ya pikipiki walikuja kwenye garaji yangu. Jaketi nyeusi, miwani, buti za bei. Wanapopita mjini Jumapili wanakwenda wawili wawili, na katikati ya msafara wanaacha nafasi moja tupu, ya mwenzao ambaye hayupo. Waliniuliza kama ni kweli sisi wazee ndio tulianza hiyo. Niliwaambia ni kweli, ila sisi tulianza bila pikipiki. Walicheka, wakadhani nimezeeka. Bon, someni basi.

Shule niliacha darasa la tatu. Binti yangu amenisahihishia herufi, maneno ni yangu. Baba yangu alikuwa wa wavuvi wa maporomoko, wale wanaosimamisha miti katikati ya maji makali na kufunga mitego yao humo. Mimi sikupenda maji. Nilibeba watu kwa toleka, baiskeli ya abiria, miaka saba, kutoka Makiso, katikati ya mji, hadi daraja la Tshopo na kurudi. Kiti cha nyuma nilikishonea godoro, wamama wakawa wananichagua mimi. Miguu hiyo ndiyo ilinunua pikipiki yangu: nyekundu, ya Kijapani, ya mkono wa tatu, ile aina ya injini inayokunywa mafuta pamoja na esansi, yaani petroli, na kutoa moshi wa buluu. Sikupewa na mtu. Sikurithi. Kwa hiyo nikisema niliipenda, usifikirie ni mapenzi ya kitoto.

Kabla ya vita tulikuwa watu saba wenye pikipiki, na Jumapili baada ya misa tulitoka pamoja. Hatukuwa na rais, wala kadi, wala jina. Tulivaa suti na kaske, hizi kofia ngumu, tukapita Makiso polepole wawili wawili, wa saba mbele peke yake, tukaenda hadi Tshopo, tukanywa bia moja, tukarudi. Faida yake ilikuwa nini? Watu walisimama kutuangalia, na sisi tulipenda kuangaliwa. Kati yetu alikuwemo katekista, mtu wa sauti ya chini. Alikuwemo mwalimu wa hesabu. Na alikuwemo fundi saa, mwenye meza yake nje ya duka moja la Makiso. Huyo wa mwisho alikuwa pacha wangu wa safari. Yeye kushoto, mimi kulia.

Vita ilipokuja, wanajeshi walianza kuchukua pikipiki. Hawakuuliza. Walimshusha mtu njiani, wakapanda, wakaenda. Lakini mimi ni mtu wa kuangalia vitu. Niliona siku moja wameingia kwenye lopango la jirani, ndani ya ua wake. Palikuwa na pikipiki mbili: moja nzima, moja haina gurudumu la mbele. Waliondoka na ile nzima, ile kilema hawakuigusa. Nilikaa nikijiuliza kwa nini, maana gurudumu lilikuwa palepale, limeegemezwa ukutani, nyuma ya mlango. Nikaelewa: mwanajeshi ana haraka. Anataka kitu cha kupanda sasa hivi. Ila siku akiwa na nafasi, atakuambia ulete gurudumu ulifunge mbele yake.

Basi, dawa ni moja: gurudumu lisiwe kwako.

Jumapili iliyofuata niliwaambia wenzangu. Kila mmoja atoe kwenye pikipiki yake kipande ambacho bila hicho haiwaki, ampe mwenzake akitunze. Wewe ukibanwa, hata kwa bunduki, kweli utasema huna. Mwalimu aliuliza nini kitamzuia mtu kuuza kipande cha mwenzake. Nikamwambia kwetu maporomokoni mitego iko wazi mchana kutwa na hakuna anayegusa wa mwenzake, na wale hawajui hesabu. Akaenda kutafuta spana.

Tuliweka sheria tatu. Unasafisha kipande ulichopewa kama chako. Hukifungui. Na hakuna anayechukua chake peke yake. Siku tukichukua, tunachukua wote. Katekista alinipa mimi karbirateri yake, kile kikopo kinachochanganya esansi na hewa. Mimi nilimpa fundi saa volani yangu, yaani gurudumu dogo la sumaku linalozunguka ndani ya injini na kuzaa cheche. Nilimchagua yeye kwa sababu ya vidole vyake. Mtu anayeshika springi ya saa, nyembamba kama unywele, hawezi kuangusha sumaku ya kilo nzima. Hivyo nilifikiri.

Kila Jumapili baada ya misa tulikutana kwa katekista. Tulitandika mkeka, kila mtu akaweka kipande alichotunza, kimefungwa kitambaani, kimepakwa mafuta. Mwenyewe anaangalia, hagusi. Anasema tu, "Nimeona." Halafu tukavaa kaske zetu, tukajipanga wawili wawili, wa saba mbele, tukatembea kwa miguu ile njia yetu yote hadi Tshopo.

Nani alianza hilo la kaske, sikumbuki. Labda mtu alikuja nayo kichwani kwa mazoea. Lakini wazia mwenyewe wanaume saba wa suti, kaske vichwani, wanatembea kwa mpangilio katikati ya barabara na hakuna injini hata moja. Vijana wa toleka, ambao zamani walikuwa wadogo zangu kazini, walipata kitu cha kucheka miaka mitatu.

"Papa, hiyo miguu unaiwasha na kiki?"

"Tonton, weka esansi, naona iko nazima!"

Mmoja alikuwa akitufuata nyuma na baiskeli yake akipiga kengele, eti tumpishe, sisi magari makubwa. Mimi sikugeuka. Niliwahi kubeba watu wengi kuliko yeye, na nilijua anachoka kabla ya daraja. Hata wanajeshi walituzoea. Mmoja aliuliza sisi ni dini gani. Katekista akamjibu kwamba ni Wakatoliki, na kwamba kaske ni kwa ajili ya mvua. Jua lilikuwa kali siku hiyo.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana mtu asiyeandika makosa yake anaandika tangazo.

Ile karbirateri nilikuwa nayo chumbani, chini ya kitanda, miezi na miezi. Kila Jumamosi naitoa naifuta. Ina mdomo, ina koo, ina vijitundu. Miaka yote niliyoendesha pikipiki sikuwahi kujua ndani mle mna nini. Unatia esansi juu, chini unasikia ngurumo. Katikati kuna nini? Mke wangu alinikuta mara nyingi nimeipeleka sikioni, naipuliza, nasikiliza hewa inatokea wapi.

"Papa ya batoto," akasema, "hiyo chuma itakuzalia mutoto."

Jumamosi moja nikaifungua. Skurubu nne tu. Ndani nikakuta boya dogo la shaba, linaelea kama lile la nyavu za baba yangu. Nikashangaa sana. Kumbe ni uvuvi! Esansi ikipanda, boya linapanda, linafunga mlango. Esansi ikishuka, linashuka, linafungua. Hakuna anayelinda, na halikosei. Nililipandisha na kulishusha kwa kidole hadi mchana ukaisha. Halafu nikaona chini yake kipande kingine, cha shaba nyeupe, kidogo kama punje ya mchele, chenye tundu ambalo uzi haupiti vizuri. Nikakifungua hicho pia, kukiangalia kwenye mwanga. Kuku akapita. Nikainua mkono kumfukuza, na kile kipande kikaruka.

Nilichuja mchanga wa lopango lote kwa kichujio cha unga wa mke wangu. Sikukipata. Sijui kama kuku alikimeza; yule kuku tulimla wiki ileile na nikaangalia ndani yake kwa makini, hakikuwemo. Nikaifunga karbirateri kama ilivyokuwa, nikaipaka mafuta, Jumapili nikaiweka mkekani. Katekista akainama, akasema, "Nimeona." Niliona aibu mpaka masikioni.

Mwaka 2000, mwezi wa sita, majeshi mawili ya kigeni yalipigana ndani ya mji wetu siku sita. Sitaeleza hayo. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo hawatajua kwa kusoma. Tulipotoka tulipokuwa tumejificha, meza ya fundi saa haikuwepo, na nyumba yake haikuwa na upande mmoja. Majirani walisema yuko hai, amechukua mke na watoto akateremka kwa mtumbwi hadi Isangi kwa wakwe zake. Alibeba nini? Godoro, sufuria na furushi moja la kitambaa.

Furushi lile lilikuwa volani yangu. Au halikuwa. Hapo ndipo maisha yangu yalikwama, kwa sababu pikipiki bila volani ni chuma cha kuanikia nguo, na mimi sikuwa na kitu kingine duniani chenye jina langu.

Jumapili tukawa sita. Tulipojipanga, mwalimu alitaka kusogea achukue nafasi ya fundi saa pembeni yangu, safu ionekane nzuri. Nilimwambia abaki kwake.  Tukatembea hivyo, mimi kulia, kushoto kwangu hewa. Vijana wa toleka waliona, na siku hiyo hakuna aliyepiga kengele. Ndiyo nafasi ambayo hawa wa jaketi nyeusi wanaiacha leo bila kujua ilikuwa ya nani.

Ukapita mwaka. Habari zilisema mstari wa vita uko huko chini, mitumbwi haipandi. Akaja kwangu mfanyabiashara mmoja wa Butembo mwenye duka la jumla pale Makiso, mtu mzuri, tulisali parokia moja. Alitaka injini yangu na fremu, avitumie kukamilisha pikipiki ya kupeleka bidhaa Bafwasende. Alitoa magunia mawili ya chumvi. Wewe unayesoma leo, chumvi unaiona ni nini? Wakati ule tulipikia majivu. Mke wangu hakunisukuma. Alisema mara moja tu, akiwa anatwanga pondu, majani ya mihogo:

"Ule mutu hatarudi. Na akirudi, atarudi na mikono mitupu. Chumvi iko hapa."

Alikuwa na haki. Lakini baadhi ya vipande vyangu vingine vilikuwa kwa wenzangu pia, tuliviongeza baadaye, na nisingeweza kuuza bila kuvichukua. Na sheria inasema hachukui mmoja. Basi Jumapili ile nilikwenda kwa katekista kuomba nivunje sheria. Tukatandika mkeka. Katekista akainama juu ya karbirateri yake, akafungua mdomo kusema lile analosema kila mara, nami nikamshika mkono.

"Usiseme umeona," nikamwambia. "Hujaona. Niliifungua. Kuko kipande kimepotea ndani, tangu mwaka juzi."

Alikaa chini kwenye mkeka. Halafu katekista akasema kwa ile sauti yake ya chini:

"Mimi pia. Ile klachi ya mwalimu. Mara nne."

Mwalimu akaruka. Mara nne? Na yeye alikuwa na pampu ya mafuta ya mwenzetu mwingine, akakiri kwamba ameifungua, ameichora kwenye daftari la wanafunzi, na ana michoro kumi na moja ya rangi. Mmoja baada ya mmoja, wote. Hakuna aliyeshika sheria ya pili, isipokuwa yule aliyetunza kiti, maana kiti hakifunguki. Na hata yeye aliinua ngozi kidogo kuona sponji. Tulicheka mpaka mke wa katekista akatoka nje kuangalia kama tumekunywa lotoko, ile pombe kali ya mahindi. Halafu tukakaa. Kila mtu akaanza kueleza alichokikuta ndani ya kipande chake, na mtu akieleza wengine wananyamaza kabisa, kama kanisani. Mimi nilieleza boya. Katekista akaeleza sahani za klachi, jinsi zinavyobanana na kuachana. Saa tisa ilifika hatujatembea.

Na hapo kitu kimoja kilinisumbua kuliko chumvi. Tulikuwa tumeelewa karibu pikipiki nzima. Kilichobaki ni cheche. Cheche inatoka wapi? Hakuna waya unaoingia, hakuna betri, ni sumaku inazunguka tu. Aliyejua alikuwa Isangi, kwa sababu sasa nilikuwa na uhakika kabisa kwamba ameifungua. Ningeuza ile injini, nisingejua kamwe.

Niliporudi nyumbani nilimwambia mfanyabiashara hapana. Mke wangu alikaa siku tatu bila kunisemesha. Alikuwa na haki ya hilo pia.

Fundi saa alirudi baada ya miezi mitano. Tulikuwa tunatembea, tumeshapita soko, na vijana wa toleka wakaanza kupiga kelele nyuma yetu. Sikugeuka, nilidhani ni utani wao. Mtu akaingia kwenye nafasi ya kushoto kwangu, akashika hatua yetu. Suti haikuwa suti tena, na kiatu kimoja kilifungwa kamba. Lakini kaske alikuwa nayo kichwani, na kwapani furushi.

"Mutanisamehe," akasema. "Pirogi ilikawia." Yaani mtumbwi.

Hatukusimama, kwa sababu hatukuwahi kusimama kabla ya daraja. Tulifika, ndipo nikavunja desturi ya mkekani, kwamba mwenyewe hagusi: nilipokea furushi kwa mikono yangu nikalifungua, kuangalia tu.

"Uliifungua," nikasema.

"Niliifungua. Iko muzima yote." Akaangalia maji. "Yote, isipokuwa moja. Kile kichuma kidogo kinachoshikilia volani isizunguke ovyo kwenye mti wake. Kilianguka mutoni. Lakini usiogope, nitakufungia kwa jicho. Mimi iko fundi saa."

Wanajeshi wengi walikuwa wamekwishaondoka wakati mto ulipofunguliwa na esansi ikaonekana tena kwenye chupa za barabarani. Tukachukua vipande vyetu siku moja, wote saba, kama tulivyoapa. Ile punje ya shaba iliyopotea niliitengeneza mwenyewe kwa ncha ya kalamu ya biki, nikaitoboa kwa sindano. Pikipiki ya katekista iliwaka ikitoa moshi kama jiko la kuni, ikinywa esansi mara mbili, lakini iliwaka. Yeye mwenyewe alikataa niibadilishe kwa miaka miwili.

Halafu yangu. Fundi saa alikuwa amefunga volani kwa jicho, amefumba moja kama anavyofanya kazini. Lopango lilijaa watu. Nikavaa kaske. Kiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, injini ikanguruma sauti ileile niliyoiacha mwaka 1998. Sitaki kusema nililia. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu.

Pikipiki ikaenda nyuma.

Iliingia kwa wenzangu waliosimama nyuma yangu kunishangilia, ikamwangusha mwalimu ndani ya beseni la pondu. Nikatia gia ya pili, nikadhani nimekosea. Ikarudi nyuma kwa kasi zaidi. Kijana mmoja wa toleka juu ya ukuta akapaza sauti:

"Papa, vita imeisha! Usiirudie!"

Watu wote walisema kuna uchawi, au fundi saa amerogwa huko Isangi. Mwalimu alitoa daftari lake, akaandika hesabu kurasa mbili, akasema haiwezekani. Mimi niliona kwa macho yangu kwamba inawezekana, kwa hiyo nikataka kujua tu ni kwa namna gani. Nilikaa nayo siku tatu. Siku ya tatu nilikuwa nimekalia toleka yangu ya zamani, nimeegemea ukuta, nachezea kanyagio kwa mguu. Kanyagio ikiwa imepita kileleni, ukikanyaga inakwenda mbele. Ikiwa bado haijafika kileleni, ukikanyaga kwa nguvu inarudi ilikotoka.

Nilishuka taratibu. Cheche ndiyo mguu. Pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya injini, ndiyo kanyagio. Jicho la fundi saa lilikuwa limeweka mguu kabla ya kilele, na injini ikachagua njia rahisi. Nikamwita, nikamweleza kwa kutumia baiskeli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kaske mkononi, halafu akasema maneno ambayo sijasahau:

"Wewe ulisoma wapi?"

Nikamwambia barabara ya Makiso hadi Tshopo.

Tulikata kichuma kipya kutoka kwenye springi ya saa ya mezani, tukazungusha volani upana wa vidole viwili, tukafunga. Iliondoka mbele. Nilikwenda nayo peke yangu hadi daraja na kurudi, na nilipofika nilikuta mtu ananingoja na pikipiki yake mbovu, amesikia. Siku hiyo nilifungua garaji, chini ya turubai, na fundi saa mezani pembeni yangu. Alikaa kushoto. Amekufa miaka mingi sasa, kwa ugonjwa, kitandani kwake.

Leo nina hivi: garaji moja ya matofali Makiso, yenye bati. Nyumba mbili, moja nakaa, moja nimepangisha. Mashine ya kuchomelea. Jenereta. Pikipiki nne, tatu zinatembea. Toleka moja, haikodishwi. Shamba dogo upande wa barabara ya Bafwasende. Gunia moja la chumvi jikoni, mke wangu hakubali lipungue chini ya nusu. Kaske mbili. Saa moja ya mezani, haina springi.